Bahasha si bajeti: Likasi inataka pesa ya utamaduni yenye iko na njia

Ndugu na dada wa Likasi, Panda, Kikula na Shituru, na wewe mwenye uko Lubumbashi, Kolwezi ao mbali zaidi lakini roho yako ilibakia hapa,

Kila mara tunaandika juu ya maji, barabara na moto wenye unakatika. Leo tunaandika juu ya kitu kingine, na tunajua kuna wenye watasema: hawa vijana wamechoka kichwa, ngoma na teatro ndiyo shida ya Likasi? Someni mpaka mwisho, kisha mutahukumu.

Tunasema hivi: Leta iko na deni ku wasanii wa muji huu. Deni hiyo haiwezi kulipwa na bahasha ya mukubwa wakati wa kampeni. Italipwa na mustari mu bajeti, mustari wenye kila mutu anaweza kusoma, kuhesabu na kuuliza maswali.

Vitu vyetu viko kwa wengine

Tuanze na gitaa. Mwaka 1952, wakati muji huu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alipita hapa na mashini yake ya kurekodi. Akakuta kijana mumoja anapiga gitaa kwa vidole mu njia ya pekee kabisa. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, muzaliwa wa Bunkeya wa mwaka 1930, mwenye wengi wanamujua kwa jina la Mwenda wa Bayeke. Wimbo wake « Masanga » ulirekodiwa hapa, na mwaka ule ule ulipata zawadi. Ulienda mpaka Afrika ya Kusini, Kenya, Uingereza na Marekani. Wapiga gitaa wa Nairobi walijifunza kutoka kwake. Mwaka 1969 alipanda ku jukwaa la festivali ya Newport, Marekani.

Sasa tuulize: leo mutoto wa Kikula akitaka kusikiliza rekodi ya kwanza ya ule wimbo, na kusoma karatasi yenye ilifuatana nayo, aende wapi? Aende Makhanda, Afrika ya Kusini, ku maktaba ya muziki yenye Tracey alianzisha mwaka 1954. Hapa Likasi hakuna chumba, hakuna kibao, hakuna njia yenye inamukumbusha mupita njia: sauti hii ilitokea hapa.

Tuende ku picha. Mu miaka ya 1973 na 1974, Tshibumba Kanda Matulu, mutoto wa Katanga, alichora historia ya inchi yetu, picha karibu 100, tangu wakati wa mababu mpaka Mobutu. Alizichora ku turubai za bei ndogo, na maneno yake mwenyewe chini ya picha. Picha hizo leo ziko Amsterdam, mu jumba la makumbusho. Zinatunzwa vizuri, hatukatai. Lakini ili uone historia yako yenye ndugu yako alichora, unahitaji viza.

Na filme? Mwaka 2016 dunia nzima ilitazama « The Siege of Jadotville », hadithi ya waaskari wa Irlande wa ONU wenye walizungukwa hapa kwetu mu mwezi wa 9 mwaka 1961. Jina la muji wetu liko mu kichwa cha filme. Lakini picha zilipigwa Afrika ya Kusini na Irlande. Hakuna fundi wa Likasi mwenye alipata kazi ya kubeba hata kamba ya mikro. Na mu hadithi yenyewe, wenyeji wa muji huu ni kivuli tu nyuma ya bunduki za wengine.

Hatusemi haya juu ya kulia. Tunaonyesha hesabu. Shaba inatoka, kobalti inatoka, uranium ya Shinkolobwe ilitoka na ikabadilisha dunia, na nyimbo na picha na hadithi pia zilitoka mu njia ile ile: bila kiwanda hapa, bila kitu chenye kinabakia. Tunalalamika kila siku kwamba madini yanaondoka bila kutengenezwa. Utamaduni pia unaondoka bila kutengenezwa, na hapo hakuna mwenye anapiga kelele.

Pesa ya utamaduni ilikuwako, tena ilikuwa ya Leta

Vijana wengi wanafikiri kwamba kusaidia sanaa na pesa ya watu wote ni kitu cha Wazungu. Ulizeni bapapa na bamama wenu.

Union Minière ilijenga makambi ya wafanyakazi, na mu makambi ilijenga sekle: nyumba ya kukutania, yenye jukwaa, sinema, fanfari, teatro, kwaya na muchezo wa ngoma. Mwaka 1967 kampuni ilikuwa mali ya Leta, na chini ya jina la Gécamines kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi. Kumbe pesa ya sekle ilikuwa pesa ya watu wote. Fundi wa Shituru alitoka kazini, mutoto wake alijifunza tarumbeta bila kulipa, na jioni familia iliona teatro kwa Kiswahili chetu, cha hapa. Teatro yenye watu kama Mufwankolo na kikundi chake cha Lubumbashi waliijulisha mpaka ku televizyo haikuanguka kutoka mbinguni: ilizaliwa mu miji yenye ilikuwa na jukwaa na yenye ilizoea kwenda kutazama.

Lakini tusipake historia rangi nzuri tupu. Ile pesa ilikuja na kamba shingoni. Kampuni ilipenda sekle juu mufanyakazi mwenye anacheza ngoma hafanyi mugomo. Na wakati wa Mobutu, Leta ilitia nguvu mu « animation politique »: wafanyakazi na wanafunzi waliitwa kucheza na kuimba sifa za kiongozi, wapende wasipende. Bamama wetu walicheza vile ku vikao na ku uwanja wa ndege, mu jua kali, juu ya mutu mumoja. Hiyo nayo ilikuwa pesa ya Leta ku utamaduni. Ilileta rangi nyingi na makofi mengi, na ilifundisha kizazi kizima kwamba kazi ya musanii ni kusifu.

Kisha kampuni ilianguka. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Kufika 2003 haikufika hata tani 20.000. Mwaka ule, wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliondolewa mu mupango wenye uliitwa kuondoka kwa hiari. Tunajua mu nyumba zetu hiyari ile ilikuwa ya namna gani. Mushahara ulipokwisha, sekle pia ilikwisha. Jukwaa likakuwa depo, ao kanisa, ao nyumba ya kulewa. Hakuna mwenye alikuja mbele kusema: kampuni imeondoka, sasa komine inachukua hii kazi. Utamaduni ulikuwa umefungwa ku mutumbwi wa kampuni, na mutumbwi ulipozama, ulizama nayo.

Somo la kwanza: pesa yenye inategemea muzazi mumoja ni pesa ya mutoto yatima wa kesho.

Bahasha

Leo hatuwezi kusema hakuna pesa ya sanaa. Iko. Inaitwa bahasha.

Munaijua. Mukubwa anakuja kutoka Kinshasa, wanatafuta kikundi cha ngoma juu ya kumupokea. Vijana wanafanya mazoezi wiki mbili, wanavaa tisheti yenye sura yake, wanaimba jina lake. Jioni mutu wa protokole anatoa bahasha kwa mukubwa wa kikundi. Ndani kuna kiasi gani? Yeye peke yake anajua. Mu kikundi watu ishirini, kila mutu anarudi na pesa ya taksi na chupa moja ya kinywaji. Kesho kunakuwa kelele: « ulikula », « sikukula ». Kesho kutwa kikundi kinapasuka.

Ni vile vile mu muziki. Mwanamuziki anarekodi wimbo, na mu wimbo anatupa majina kumi na tano: mbunge, mwenye mugodi, mwenye depo ya sima, dada fulani mwenye yuko Brussels. Sisi tunacheka, tunasema ni libanga. Lakini libanga ni nini kama si bajeti ya utamaduni ya inchi yenye haina bajeti ya utamaduni? Musanii si mupumbavu. Ameangalia kushoto na kuume, ameona mwenye atalipa studio, na ameimba jina lake.

Shida ya bahasha haiko tu mu udogo wake. Kwanza, haina tarehe: inakuja kabla ya uchaguzi, inapotea miaka minne. Huwezi kufundisha mutoto violini ao kutengeneza kikundi cha teatro na pesa ya vile. Pili, haina karatasi: hakuna mwenye anaweza kuuliza. Tatu, na hii ndiyo mbaya kuliko zote, inafunga kinywa. Musanii mwenye anakula ku mukono wa mukubwa hataimba juu ya mutoto mwenye alikufa mu shimo la mugodi. Hatachora mutu mwenye amefukuzwa ku kiwanja chake. Atangojea. Na muji wenye wasanii wake wanangojea ni muji wenye hauna kioo.

Ndiyo maana movema ya raia inapashwa kushughulika na jambo hili. Tunadai wakubwa watoe hesabu. Nani atasaidia watu kuelewa hesabu hiyo, kuicheka, kuikasirikia? Si tangazo letu la kurasa mbili. Ni muchezo wa dakika kumi ku soko ya Kikula.

Kisiwa chenye kinaongea lugha yetu

Tuvuke kidogo, tuende Zanzibar. Kule Kiswahili ni cha mashairi, watu watacheka « mutu » na « muji » wetu. Lakini tuko na kitu cha kujifunza, juu Zanzibar iko na kitu chenye sisi hatuna: watu wanalipa ndege kutoka mbali juu ya kuona utamaduni wake. Mji Mkongwe uko mu orodha ya UNESCO tangu 2000. Utafikiri basi kule wasanii wanalala ku pesa. Angalia.

Taarab yenyewe, wanahadithia kwamba Sultani Barghash, mwenye alitawala tangu 1870 mpaka 1888, alimutuma kijana Mohamed bin Ibrahim mpaka Misri juu ya kujifunza kanuni. Hiyo ilikuwa pesa ya jumba la mufalme. Ilifanya kazi nzuri, lakini muziki ulikuwa wa jumba. Kisha mwaka 1905 watu wenyewe walianzisha kikundi chao, Nadi Ikhwan Safaa, na kikundi hicho kiko mpaka leo. Masultani wameondoka, Waingereza wameondoka, mapinduzi ya 1964 yamepita, kikundi kiko. Kwa nini? Juu kilikuwa na wanamemba, kanuni zake, na nyumba ya kukutania. Tukumbuke jambo hilo.

Sasa festivali. Sauti za Busara ilianza mwaka 2004, na kila mwezi wa 2 ilileta wanamuziki kutoka Afrika nzima ku Ngome Kongwe. Hoteli zinajaa, taksi zinapata, mama mwenye kuuza chakula anapata. Kila mutu anapata, lakini nani analipa? Sehemu kubwa ilitoka kwa wafadhili wa inje, mabalozi ya Ulaya. Mwaka 2016 festivali haikufanyika. Hakukuwa vita wala ugonjwa. Pesa ilikosekana tu. Ilirudi 2017, lakini kila mutu alikuwa ameona: festivali kubwa ya kisiwa chenye kinaishi na wageni inaweza kulala mwaka muzima juu wafadhili wamefunga mukoba.

Ni vile vile ku chuo cha muziki cha Zanzibar, Dhow Countries Music Academy, chenye kilifunguliwa 2002. Kimefundisha vijana wengi udi, kanuni, fidla na ngoma. Mwaka 2019 kilikuwa karibu kufunga mulango, kikaomba musaada kwa dunia nzima. Na tarehe 25 Desemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba kubwa la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake ilianguka wakati lilikuwa linatengenezwa. Watu walikufa. Pesa ya kulitengeneza ilitoka Oman.

Hatuchekelei ndugu zetu wa kisiwani. Wao wako na festivali, wako na chuo, sisi hatuna. Lakini somo ni wazi: pesa ya inje inaweza kuwasha moto, haiwezi kuwa kuni ya kila siku. Kisiwa chenye kinapata pesa juu ya utamaduni wake, lakini hakirudishi sehemu ya kutosha ku utamaduni huo, kinakula mbegu.

Na sisi? Mu Lubumbashi, kilometa karibu 120 tu, kuna Biennale yenye vijana wa Picha walianzisha mwaka 2008. Imepeleka jina la Katanga mbali. Nayo imesimama kwa sehemu kubwa ku washirika wa inje. Hata jumba la taifa la makumbusho la Kinshasa, lenye lilifunguliwa 2019, lilijengwa na pesa ya Korea ya Kusini. Tunashukuru Korea. Lakini inchi yenye inauzia dunia kobalti inangojea Korea ijenge nyumba ya kutunza masanamu ya mababu zake. Haiwashi uso?

Tusiseme umaskini. Burkina Faso pia si inchi tajiri. Tangu 1969 iko na FESPACO, na Leta yake imeibeba festivali hiyo ya sinema mpaka leo, hata mu miaka ya mashambulizi. Walichagua.

Pesa iko wapi?

Hapa ndipo wakubwa wanapenda tunyamaze. Tufungue vitabu.

Katiba ya 2006, sharti la 46, inasema kila mutu iko na haki ya utamaduni na uhuru wa kutunga na kubuni, na kwamba Leta inalinda urizi wa utamaduni wa taifa na kuuendeleza. Hiyo ni kazi ya Leta. Haikuandikwa « ikipenda ».

Pili, mwaka 1987 Leta ilianzisha Fonds de Promotion Culturelle, mufuko wa kukusanya redevansi ya utamaduni na kusaidia wasanii. Mufuko uko mpaka leo. Swali letu ni moja: pesa yenye inakusanywa mu Haut-Katanga, ngapi inarudi Haut-Katanga? Na ya hapa Likasi, iliwahi kurudi namna gani, kwa nani, mwaka gani?

Tatu, madini. Sheria ya migodi yenye ilibadilishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inagawa redevansi hivi: 50% kwa serikali kuu, 25% kwa provensi, 15% kwa muji, komine, sekta ao shefferi yenye mugodi uko ndani yake, na 10% ku mufuko wa vizazi vyenye vinakuja. Tena kampuni inapashwa kutoa 0,3% ya mauzo yake ya mwaka juu ya miradi ya maendeleo ya wenyeji, na wenyeji wanapashwa kuwa ku meza wakati wa kuchagua miradi.

Hapa tuseme kweli, juu wapinzani wetu watatafuta kosa. Sheria inataka hiyo redevansi ya komine iende ku majengo ya musingi yenye yanafaa watu wote. Haikuwekwa juu ya kulipa konseri. Sawa. Basi tuulize: sale ya komine yenye jukwaa, maktaba, nyumba ya mazoezi, si jengo lenye linafaa watu wote? Shule inafaa, soko inafaa, na sale pia inafaa. Redevansi ijenge sale. Kisha kazi ya ndani ya sale, mazoezi, mafunzo, teatro, ilipwe na bajeti ya kawaida ya muji na provensi, na ule mufuko wa 1987. Ukuta unatoka mahali pamoja, roho inatoka mahali pengine. Hesabu inawezekana.

Tufanye mufano. Kama komine ikipokea dola 100.000 mu mwaka, na ikaweka 3% pembeni juu ya sale yake, ni dola 3.000. Hiyo haijengi Beit al-Ajaib. Lakini inaezeka upya paa ya sekle ya zamani. Mwaka wenye unafuata, milango na viti. Mwaka wa tatu, vyombo vya sauti. Kwa miaka mitano, komine iko na nyumba, na hakuna mutu alilala njaa juu ya ile 3%.

Na musanii sasa, anapata nini ku Leta? Kila mwenye alijaribu kutayarisha konseri anajua: anaanza kwa kulipa. Karatasi hii, karatasi ile, na mutu mwenye amekuja bila karatasi. Kwa sasa pesa inatembea upande mumoja tu, kutoka kwa musanii kwenda kwa Leta.

« Lakini kwanza maji »

Hii ni hoja ya nguvu, na inatoka kwa watu wenye tunaheshimu. Mama mwenye anaamuka saa tisa ya usiku juu ya kutafuta maji iko na haki ya kuuliza: munataka kununua ngoma wakati sina maji?

Tunamujibu kwa heshima, mambo matatu. Mama, tangu miaka 30 hakuna pesa ya utamaduni mu Likasi. Maji yako yalikuja? Kuinyima ngoma hakukuleta bomba. Pesa ya maji ilipotea mahali pengine, na tunaendelea kuitafuta pamoja na wewe.

La pili, hatuombi utamaduni uchukue nafasi ya maji. Tunaomba 3% yenye inaonekana, ku pesa yenye leo haionekani kabisa. Komine yenye itazoea kutangaza hesabu ya sale yake, itashindwa kuficha hesabu ya maji.

La tatu ni juu ya watoto wako. Kijana wa Likasi leo anaonyeshwa milango mitatu: kushuka mu shimo na kuchimba kwa mukono, kupanda pikipiki, ao kuondoka. Mwenye hakupata hata mumoja anajulikana ku polisi. Hatudanganyi mutu: sanaa haitaajiri vijana wote. Lakini jukwaa moja linaombea kazi fundi wa sauti, fundi wa taa, mushonaji, muchoraji wa mabango, mwenye kamera, mwenye kuuza chakula, mulinzi. Na kijana mwenye kila siku ya posho iko na mahali pa kwenda kufanya mazoezi, ni kijana mwenye iko na kitu cha kupoteza. Hicho peke yake ni usalama.

Tunadai nini

Meya wetu anateuliwa, hatukumuchagua, lakini pesa yenye anasimamia ni yetu. Kwa hiyo tunasema wazi kwa muji, kwa komine zetu ine na kwa provensi:

1. Kila mwaka, kila komine itangaze ku ukuta wa ofisi yake, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, redevansi ya madini yenye ilipokea na mahali ilienda.

2. Bajeti ya muji iweke mustari wa utamaduni wenye jina lake. Usichanganywe na sport, mapokezi ya wakubwa wala sikukuu za taifa.

3. Sekle na sale za zamani zihesabiwe: ziko ngapi, ni za nani leo, nani alizinunua na kwa karatasi gani. Yenye ingali mali ya watu wote isiuzwe tena.

4. Pesa ya wasanii igawanywe na kamati: wasanii wenye wamechaguliwa na wenzao, walimu, wanawake, vijana, na komine kama mushahidi. Maombi yatangazwe, majibu yatangazwe, kiasi kitangazwe. Musanii mwenye amepewa asilazimishwe kuimba jina la mutu.

5. Fonds de Promotion Culturelle ije Likasi, ikutane na wasanii mbele ya watu, ieleze namna ya kuomba.

6. Jina la Mwenda Jean Bosco liwekwe mahali penye linaonekana mu muji huu, na muji uandikie Makhanda na Amsterdam kuomba kopi za sauti na za picha. Kopi haiombi ndege wala bilioni. Inaomba barua moja.

Wenye watasema haiwezekani, waende kuuliza Sud-Kivu. Kule, tangu karibu 2011, komine kama Ibanda na shefferi kama Luhwindja zilijaribu kuketisha watu pamoja kuchagua matumizi ya sehemu ya bajeti. Haikuwa muujiza. Lakini watu waliona hesabu, na dunia haikuanguka.

Na sisi wenyewe

Hatuwezi kudai kwa wakubwa tu na kukaa. Tukumbuke ile Nadi Ikhwan Safaa ya kisiwani: zaidi ya miaka 100 juu ya kitabu cha wanamemba. Kama wewe ni musanii, kikundi chako kiko na kitabu? Kiko na mutu wa kutunza pesa mwenye anaonyesha hesabu? Tunaomba hesabu kwa meri, tuanze nayo mu kikundi. Kikundi chenye hakina karatasi, hata pesa nzuri ikikuja, itageuka bahasha ndani ya siku moja.

Tena tulipe. Muchezo wa mwenzako ukiwa na kiingilio cha faranga kidogo, lipa, usiombe kupita kwa mulango wa nyuma juu ni rafiki. Rafiki ndiye wa kwanza kulipa.

Na siku mukubwa atakuja na tisheti zake na bahasha yake, hatukatazi mutu kucheza. Njaa ni njaa. Lakini kabla ya kuanza ngoma, mukubwa wa kikundi asimame mbele ya watu wote aulize swali moja, kwa sauti, kwa adabu: « Mukubwa, mu bajeti ya mwaka huu, mustari wetu uko wapi? »

Kila kikundi kikiuliza vile, mu kila kartye, kila mara, jibu litakuja. Wazee wetu walijenga muji huu kwa mikono. Sauti yake iko Makhanda, picha za Katanga ziko Amsterdam, shaba yake iko dunia nzima. Sisi tunaomba tu jukwaa, paa, na hesabu yenye inasomeka.

Soma, tuma kwa mwenzako, na uulize ku komine yako juma hili.

Likasi ni yetu. Pesa yake pia.